Pumzi za haraka kabla ya kuzama Mbudya, na masikio yanayochoma mita nne

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 29, nafanya kazi ya uhasibu eneo la Posta, Dar es Salaam, na nakaa Mbezi Beach. Tangu mwaka jana, Jumamosi bahari ikiwa imetulia, mimi na kaka yangu tunapanda boti ya faiba Kunduchi na kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya. Tulianza kwa kuelea juu tu, miwani na mrija, tukitazama samaki. Sasa nimeingiwa na hamu ya kuzamia kwa pumzi moja. Nikiwa nimelala kitandani nabana pumzi dakika mbili na nusu, ila baharini sekunde 30 zikifika nataka hewa. Nikikaribia mita nne masikio yanachoma, narudi juu. Kijana mmoja pale ufukweni alinifundisha nihemee haraka haraka mara ishirini kabla ya kuzama. Nilipojaribu, kweli nilikaa chini karibu dakika nzima bila kuhisi shida yoyote. Naomba kuuliza: masikio yatazoea? Hizo pumzi za haraka zina madhara? Na la tatu si la kitaalamu sana: kwa nini wiki nzima nikiwa kazini akili yangu iko kule chini?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali la pili. Hayo mengine yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Usirudie tena zile pumzi za haraka. Si mara ishirini, si mara tano. Kijana aliyekufundisha hakukutakia mabaya, naye alifundishwa hivyo hivyo na mwingine, na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo nilipokuwa mdogo. Nataka uelewe kinachotokea mwilini, maana ukikielewa hutahitaji mtu wa kukukataza.

Ile hamu ya kuvuta hewa unayoisikia chini ya maji haiji kwa sababu oksijeni imepungua. Inakuja kwa sababu kabonidayoksaidi imeongezeka. Mwili unaizalisha kila sekunde, na ubongo unaipima kwenye damu. Ikifika kiwango fulani kengele inalia: kifua kinabana, koo linataka kufunguka, kiwambo kilicho chini ya mapafu kinaanza kurukaruka. Unapohema haraka haraka unaitoa kabonidayoksaidi nyingi kabla hujaanza safari. Oksijeni huongezi kitu cha maana, kwa sababu damu ya mtu mwenye afya aliyetulia tayari imebeba oksijeni asilimia 97 au 98 ya uwezo wake, na ndoo iliyokwisha kujaa haijazwi. Kwa hiyo ile dakika nzima "bila shida" hukuipata kwa kuwa na hewa zaidi. Uliipata kwa kuizima kengele.

Tena kuna ubaya wa ziada. Kabonidayoksaidi ikishuka sana, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, na damu inaing'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia kwenye viungo. Bila shaka ulihisi midomo na ncha za vidole zikiwashawasha, na kichwa kuwa chepesi. Watu wengi wanadhani hiyo ni dalili ya nguvu. Ni dalili kwamba ubongo wako umeanza kupunjwa kabla hata hujauingiza uso majini.

Sasa weka kina juu ya hayo. Ukiwa mita 10 chini, maji yanakukandamiza kwa shinikizo mara mbili ya lile la juu. Mapafu yanabanwa, na hewa iliyomo inasukuma oksijeni kuingia kwenye damu kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ukiwa chini unajisikia vizuri hata kama akiba imebaki kidogo. Unapopanda, shinikizo linapungua, na ile oksijeni kidogo iliyobaki inapoteza nguvu yake ya kuingia kwenye damu, ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana wengi wanaozimia hawazimii chini. Wanazimia katika mita 10 za mwisho wakipanda, au wakiwa wamekwisha kutoa kichwa juu. Na hawapati onyo, kwa sababu onyo ni ile kengele, nayo ilizimwa ufukweni.

Nilikuwa na miaka 22 nilipoliona jambo hilo kwa macho yangu. Mwenzangu alihema namna hiyo hiyo, akazama, akarudi juu, akanitazama na kutabasamu. Kisha shingo ikalegea, uso ukaingia majini, mdomo wazi. Nilikuwa umbali wa mkono tu, nikamnyanyua kidevu, nikamvua miwani, nikampulizia usoni na kumwita jina. Baada ya sekunde chache akavuta pumzi. Mpaka leo hakumbuki. Kwake yeye alipanda salama, akatabasamu, basi. Ningekuwa nimegeuka kutazama boti, angeondoka kimya kabisa, hata maji yasingerushwa.

Usidhani hili ni la wanaoanza tu. Natalia Molchanova, Mrusi, alikuwa bingwa mkubwa wa mchezo huu kwa wanawake. Aliwahi kubana pumzi dakika 9 na sekunde 2. Tarehe 2 Agosti 2015 alikuwa karibu na kisiwa cha Formentera, Hispania, akazama katika kina ambacho kwake kilikuwa cha kawaida kabisa. Hakurudi, na mwili wake haukupatikana.

Basi kabla ya kuzama, fanya hivi. Elea kifudifudi, uso majini, pumua kwa mrija kama mtu anayesinzia, dakika mbili au tatu, huku ukitoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta. Vuta pumzi moja iliyojaa, tumbo kwanza kisha kifua, toa mrija mdomoni, zama. Ile hamu ya kwanza ya hewa ikija, geuka, panda juu. Ukitoka juu usiipulize hewa yote nje kwa mkupuo; vuta haraka, ishikilie kidogo sana, achia kidogo, vuta tena, mara tatu nne. Halafu pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Kaka yako asizame nawe. Mmoja chini, mmoja juu anatazama, na anaendelea kutazama sekunde 30 nzima baada ya wewe kutoa kichwa, hata kama umemwonyesha kidole gumba. Yule rafiki yangu pia alitabasamu.

Kuhusu dakika mbili na nusu za kitandani na sekunde 30 za baharini, wala usiumie moyo. Kitandani misuli imelala. Baharini mapaja yanasukuma mapezi, na hofu kidogo inaongeza mapigo ya moyo. Nafuu inakuja kwa kulegea, na kulegea hakufundishiki kwa siku moja.

Tuje kwenye masikio. Hayatazoea. Sikio halizoei maumivu ya kina, linaharibika tu. Wazee waliokuwa wakizamia majongoo ya bahari nilipokuwa mtoto huko Mafia, baadhi yao ilibidi uwaite mara tatu ndipo wageuke. Waliamini kwamba mzamiaji lazima masikio "yafunguke" kwanza. Walichokuwa wakikisema ni kwamba ngoma ya sikio imepasuka.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kinaunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Ukizama, maji yanaisukuma ngoma kwenda ndani. Kama hupeleki hewa chumbani kupitia huo mrija, ngoma inavutika, inauma, na ukilazimisha inapasuka. Ikipasuka, maji ya bahari yanaingia sehemu isiyotakiwa kulowa, na unashikwa na kizunguzungu kikali kiasi cha kutojua juu ni wapi. Fikiria hilo likikupata peke yako.

Fikiria umechukua chupa ya maji tupu, umeifunga, umezama nayo. Ukifika mita 10 hewa iliyomo itakuwa imebaki nusu ya nafasi yake. Ili ipungue tena nusu lazima ufike mita 30. Unaona basi kwamba badiliko kubwa kuliko yote linatokea karibu na juu, pale pale unapopata shida. Wengi wanadhani kina kirefu ndicho kigumu kwa masikio. Kwa anayeanza, mita tano za kwanza ndizo mtihani.

Nina hakika karibu kabisa kwamba makosa yako ni mawili. La kwanza, unasubiri maumivu ndipo usawazishe, yaani upeleke hewa kwenye kile chumba cha sikio. Maumivu yakifika, ule mrija umekwisha kubanwa na hewa haipiti tena. Sawazisha ukiwa bado juu, uso umeingia majini tu. Sawazisha tena unapopindua mwili. Halafu kila baada ya nusu mita, hata kama huhisi kitu. Ukikosa mara moja, simama. Panda mita moja, jaribu tena. Ikikataa, rudi juu bila kubishana nayo.

La pili, unasawazisha kwa kifua. Unabana pua na kupuliza kwa nguvu ya mapafu, sivyo? Njia hiyo inaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, daktari wa Italia wa karne ya 17 na 18. Kwenye ndege inatosha. Ukiwa kichwa chini miguu juu haitoshi, kwa sababu unalazimika kukaza tumbo na kifua wakati ule ule unapotaka kulegea, na kadiri unavyoshuka hewa ya mapafu inazidi kuwa ngumu kuipandisha. Wazamiaji wanatumia njia ya Hermann Frenzel, daktari wa Ujerumani, ambayo ulimi ndio unaofanya kazi. Mapafu hayahusiki kabisa.

Jifunze ukiwa nyumbani, mbele ya kioo. Bana pua. Funga koo kama unavyolifunga unapojikaza kunyanyua ndoo iliyojaa. Sasa, koo likiwa bado limefungwa, tamka "ka" au "ta" kimya kimya, ukiusukuma ulimi juu kwenye paa la kinywa. Ulimi unakuwa kama kichwa cha pampu ya baiskeli: hewa ya kinywani haina njia nyingine ila kwenda nyuma ya pua, na utasikia masikio yote mawili yakibofya. Weka mkono wa pili tumboni. Tumbo likisogea, umerudi kwenye kifua. Tumbo likitulia na pua ikivimba kidogo chini ya vidole, umepata. Fanya mara hamsini kwa siku, ukiwa kwenye foleni ya Bagamoyo au ukisubiri chai ichemke. Wengine wanaipata kwa siku mbili, wengine mwezi. Mimi ilinichukua wiki sita, na niliudhika sana wiki zile.

Majini, usianze kichwa chini. Tafuta boya lenye kamba na uzito chini yake, shuka kwa miguu ukijivuta taratibu kwa mkono mmoja, mkono mwingine puani. Baadaye ndipo upinduke. Na ukipinduka, usiinue kidevu kutazama chini. Kuinua kidevu kunaivuta ile mirija ya masikio na kuifunga. Tazama kamba iliyo mbele ya macho yako. Chini patafika penyewe.

Mengine ya masikio niyapitie upesi. Ukiwa na mafua, usizame, na usitumie dawa ya kuzibua pua ili uweze kuzama, maana inaweza kuisha nguvu ukiwa chini. Usiweke vizibo vya masikio. Miwani lazima ifunike pua, ili uweze kupulizia hewa kidogo ndani yake unaposhuka. Ile midogo ya kuogelea bwawani itakufyonza macho. Sikio likitoa damu au usikivu ukipungua, kaa nje ya maji mpaka daktari wa masikio alitazame.

Sasa swali lako la tatu. Umeniambia si la kitaalamu, lakini lina majibu ya kitaalamu zaidi ya unavyofikiri.

Uso wa binadamu ukiingia majini huku pumzi imezuiwa, moyo unapunguza mapigo wenyewe. Mishipa ya mikono na miguu inasinyaa, damu inaelekezwa kwenye moyo na ubongo. Wengu unajikunja na kuongeza kwenye mzunguko akiba ya chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Hayo yote hutokea pia kwa sili. Kwa Wabajau wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambao wameishi kwa kuzamia vizazi na vizazi, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta wengu wao ni mkubwa kwa karibu asilimia 50 kuliko wa majirani zao wa nchi kavu. Utulivu unaoupata chini si ndoto ya mtu aliyechoka na ofisi. Mwili wako unabadilisha kweli mwendo wake.

Halafu kuna sauti. Dar es Salaam haijui kunyamaza: honi, jenereta, bodaboda, spika za dukani. Zamisha kichwa upande wa magharibi wa Mbudya na kitu cha kwanza kukosekana ni hayo yote. Kinachobaki ni mchakato mdogo usiokoma, kama mafuta kwenye kikaango, nao ni kamba wadogo wanaoalisha kucha zao ndani ya mwamba. Ukitulia zaidi utamsikia pono akitafuna matumbawe. Kuanzia Julai hadi Oktoba, nyangumi wenye nundu wanapopita pwani yetu kuja kuzaa, kuna siku unasikia sauti yao kutoka mbali sana, na huwezi kujua inatoka upande gani, kwa sababu sauti majini husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani na masikio yetu hayana uwezo wa kuifuatilia. Nimewahi kumwona mtu mzima, mkandarasi wa barabara, akitoka juu na machozi ndani ya miwani baada ya kuisikia.

Na hivi vyote viko karibu na mji wa mamilioni ya watu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na uvuvi ndani yake hauruhusiwi. Mwamba wake umepitia mengi: baruti za wavuvi haramu, joto la bahari la mwaka 1998 lililoyageuza matumbawe kuwa meupe, tope la mito. Bado utaona mashimo ya baruti yaliyobaki kifusi kitupu, na mita chache pembeni matumbawe mapya ya ukubwa wa kiganja. Mtu anayeelea juu huviona vyote hivyo kama picha. Anayeshuka na kukaa sekunde 20 kimya, samaki wanasahau kwamba alikuja, wanarudi kwenye shughuli zao mbele ya uso wake. Mimi nadhani hicho ndicho kinachokuita ukiwa Posta.

Kwa kuwa utarudi, chagua siku vizuri. Watu wa mjini wanatazama jua, mzamiaji anatazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua; maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo kati ya visiwa unakuwa na nguvu. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na hizo ndizo siku zako. Ingia maji yanapokaribia kujaa, kwa sababu yanakuja na maji safi ya bahari kuu; yakianza kutoka yanabeba vumbi la mwambao. Tanga mbili, pale kaskazi inapoisha na kusi haijashika, na tena kusi inapolegea kuelekea Novemba, bahari hulala kama mafuta. Ila mvua za masika zikinyesha, mito ya Mlalakuwa, Tegeta na Msimbazi inamwaga udongo na taka, na mbele ya uso huoni mkono wako. Siku tatu baada ya mvua kubwa, kaa nyumbani.

Hatari ambayo wanaoanza hawaifikirii ni boti. Wikiendi boti za kupeleka watu visiwani zinapita bila mpangilio, na nahodha hawezi kukuona ukiwa mita tano chini. Vuta boya la rangi kali lenye bendera, panda kwa kufuata kamba yake, mkono mmoja umenyooka juu ya kichwa. Mlango wa bandari upande wa Kigamboni usiingie kabisa.

Mkanda wa uzito wa madini ya risasi usinunue bado. Wanaokuuzia watakwambia unasaidia kushuka, na ni kweli, lakini uzito unaokushusha ndio utakaokuvuta chini siku utakapozimia. Siku ukivaa, uwe wa kiasi ambacho ukitoa pumzi ukiwa juu bado unaelea.

Anza Jumamosi ya maji mafu inayokuja, na kaka yako naye ajifunze yote niliyoandika kuhusu kumwokoa aliyezimia, si wewe peke yako. Fungeni kamba mita tano, si zaidi. Ukishafika mwisho wa kamba mara kumi bila masikio kulalamika hata mara moja, niandikie tena, tuanze kuzungumza habari za mita 10.